Kiwanja Kimoja, Mtaa Mzima: Makazi Yanapogeuzwa Biashara Jijini Dar es Salaam

Kila kiwanja kilichopimwa katika mji wa Tanzania kina kazi yake iliyoandikwa, na kazi hiyo husomeka mahali pawili: kwenye mchoro wa mipango miji, yaani ramani rasmi inayoonyesha kila kipande cha ardhi kimetengewa shughuli gani, na kwenye masharti ya hati miliki ambayo mwenye kiwanja huyakubali siku anapomilikishwa. Kiwanja kilichotengwa kwa makazi hakiwezi kihalali kuwa baa, kituo cha mafuta, ukumbi wa sherehe au jengo la ofisi mpaka mamlaka husika iridhie kuibadili kazi hiyo, na ridhaa hiyo ndiyo inayoitwa na wataalamu mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Anayeomba ridhaa ni mtu mmoja, na hati itakayorekebishwa ni ya kiwanja kimoja, lakini maji yatakayotiririka, magari yatakayoegeshwa na sauti zitakazosikika usiku haviishii kwenye ukuta wa kiwanja hicho.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko ambayo kwa miaka mingi sasa yamekuwa yakisikika katika mitaa ya Sinza, Kijitonyama, Mikocheni, Msasani na kwingineko jijini Dar es Salaam. Wakazi wanaolalamika huonekana mara nyingi kama watu wanaopinga maendeleo au wanaomwonea jirani wivu kwa riziki yake, ilhali wengi wao hununua mahitaji yao katika maduka yaleyale ya mtaani, na baadhi yao wana fremu zao za biashara mbele ya nyumba. Wanachokitaka ni kwamba makubaliano yaliyowafanya wajenge mahali hapo yasivunjwe kiwanja baada ya kiwanja, kimyakimya, bila wao kuulizwa na bila miundombinu kuandaliwa kwanza. Makala haya yanaeleza asili ya makubaliano hayo, jinsi yanavyobadilishwa kwa sheria na nje ya sheria, mzigo unaowaangukia majirani, na njia ambazo zingeuwezesha mji kukua bila kuwadhulumu wanaoishi ndani yake.

Mji uliogawanywa kwa kanda

Utaratibu wa kuugawa mji katika kanda, kila kanda na shughuli yake, ulienea duniani katika karne ya 20 kwa hoja ya afya na usalama, kwamba kiwanda chenye moshi kisikae ubavuni mwa chumba anacholala mtoto. Jiji la New York lilipitisha kanuni zake za kanda mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyohusu mji mdogo wa Euclid katika jimbo la Ohio, iliamua kwamba mji una mamlaka ya kuweka mipaka kwenye matumizi ya ardhi ya mtu binafsi kwa manufaa ya afya, usalama na utulivu wa wote.

Dar es Salaam iliufahamu mgawanyo wa aina hiyo mapema zaidi, ila kwa hoja iliyochanganyika na ubaguzi. Kanuni za ujenzi za utawala wa Kijerumani za mwaka 1891 ziliutenga mji kwa kufuata aina ya majengo yaliyoruhusiwa, na Waingereza waliokuja baadaye waliuendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu: ya kwanza ya nyumba za mtindo wa Kizungu, iliyokuja kuenea hadi Oysterbay; ya pili ya maduka na makazi ya Wahindi katikati ya mji; na ya tatu ya nyumba za Waafrika huko Kariakoo, mahali ambapo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kati ya kanda ya pili na ya tatu paliachwa ukanda wa wazi wa Mnazi Mmoja, ulioelezwa kuwa ni kinga dhidi ya maradhi, lakini ambao kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwatenganisha watu kwa rangi zao.

Historia hiyo haina budi kukumbukwa na kila anayetetea mitaa ya makazi pekee, kwa sababu inaonyesha kwamba mstari uliochorwa kwenye ramani unaweza kulinda na unaweza pia kubagua. Isitoshe, kuitenga biashara na makazi kabisa hakukuwa desturi ya mwambao. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, duka liko chini na familia inaishi ghorofani, na katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita iliyojaa Kariakoo na Ilala, baraza ya mbele imekuwa mahali pa kupikia vitumbua, kushona nguo na kuuza mkaa, wakati uani umebaki kuwa sehemu ya faragha ya familia. Ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na kanuni iliyoheshimiwa bila kuandikwa: biashara hukaa barazani, na haipiti ukumbini kwenda uani.

Baada ya uhuru, kanda za rangi zilifutwa lakini kanda za shughuli zikabaki. Jiji liliandaliwa mipango kabambe, yaani mipango ya jumla inayoonyesha mji utakavyokua kwa muda mrefu, mwaka 1968 na tena mwaka 1979, ikitanguliwa na ule wa kikoloni wa mwaka 1949. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja katika maeneo ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuyawekea barabara, maji na mifereji, kisha ikawagawia wananchi wajenge nyumba zao wenyewe. Viwanja hivyo vilipangwa kwa ujazo, neno ambalo wapangaji hulitumia kueleza wingi wa nyumba na watu katika eneo, kwa hiyo mtaa wa ujazo mkubwa ulipata viwanja vidogo vingi na mtaa wa ujazo mdogo ukapata viwanja vikubwa vichache. Upana wa barabara, unene wa mabomba na nafasi za shule na viwanja vya michezo vilikadiriwa kwa hesabu ya familia zilizotarajiwa kuishi hapo. Hesabu hiyo ndiyo makubaliano yanayozungumziwa, na mtu aliyejenga nyumba yake kwa akiba ya miaka 20 aliitegemea hata kama hakuwahi kuuona mchoro wenyewe.

Biashara ilivyoingia mtaani

Sababu ya kwanza ya makubaliano hayo kulegea ilikuwa njaa, na si tamaa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi wa umma haukutosha kulisha familia, na watu wa kila daraja, wakiwamo wakubwa wa Serikali waliokaa katika nyumba za Oysterbay na Mikocheni, walianzisha miradi ya nyumbani, wakafuga kuku na ng'ombe uani, wakauza barafu na maandazi, wakafungua saluni na vioski. Biashara ilipofunguliwa milango na masharti ya uchumi kulegezwa katika kipindi hicho na miaka ya mwanzo ya 1990, miradi hiyo ilitoka uani ikaja mbele ya nyumba. Ukuta wa mbele ulibomolewa, vikajengwa vyumba vidogo vyenye milango ya chuma vinavyotazama barabara, ambavyo kila mkazi wa jiji anavijua kwa jina la fremu, na kodi ya fremu ikawa pensheni ya wazee wengi na ada ya shule ya watoto wengi.

Sababu ya pili ni ukuaji wa mji. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu takribani 273,000 jijini; ile ya mwaka 2012 ilihesabu 4,364,541, na ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Wakati huohuo mpango kabambe wa mwaka 1979, uliotarajiwa kuliongoza jiji kwa miaka 20, uliendelea kuwa rejea muda mrefu baada ya umri wake kwisha, kwa hiyo maeneo mapya ya biashara hayakuandaliwa kwa kasi iliyohitajika, na biashara ikajitafutia nafasi kando ya barabara za mitaa iliyokwisha kupangwa. Barabara ya Shekilango inayopita Sinza na barabara iliyokuwa ikiitwa Bagamoyo ya Zamani, ambayo leo ni Barabara ya Mwai Kibaki, zilibadilika sura kwa namna hiyo, nyumba moja baada ya nyingine.

Sababu ya tatu ni thamani. Kiwanja kinachozalisha kodi ya nyumba moja kwa mwezi kinaweza kuzalisha mara nyingi ya hiyo kikijengwa jengo la ofisi, na tofauti hiyo huongezeka zaidi pale uwiano wa jengo na kiwanja unapobadilishwa pamoja na matumizi. Uwiano huo ni kipimo kinacholinganisha jumla ya eneo la sakafu zote za jengo na eneo la kiwanja. Kiwanja cha mita za mraba 600 kilichowekewa uwiano wa 0.5 hubeba jengo lenye sakafu ya mita za mraba 300 tu, lakini uwiano ukipandishwa hadi 2, kiwanja kilekile huruhusiwa kubeba mita za mraba 1,200, ambazo ni mara nne ya zile za mwanzo, ingawa bomba la maji lililo mbele yake halijanenepa na barabara haijapanuka. Faida ya uamuzi huo humfikia mwenye kiwanja siku hati inaporekebishwa, wakati gharama yake husambaa mtaani kidogokidogo kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuihesabu faida na vigumu kuihesabu gharama.

Sheria na mapengo yake

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaiweka ardhi yote ya nchi mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na anayemilikishwa kwa hati hupewa haki ya kuitumia kwa muda maalumu usiozidi miaka 99, kwa masharti. Matumizi yaliyoandikwa ni sehemu ya haki yenyewe, kwa hiyo anayegeuza nyumba kuwa baa bila idhini huwa amevunja masharti ya hati yake mwenyewe. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1956, inazifanya halmashauri za majiji, manispaa na miji kuwa mamlaka za upangaji, na inatambua mpango wa jumla unaoonyesha mwelekeo wa mji mzima pamoja na mpango wa kina unaoshuka hadi kwenye mtaa na kiwanja.

Kwa kawaida mwenye kiwanja huwasilisha maombi kwa halmashauri akieleza matumizi yaliyopo na anayoyataka, maofisa mipango miji wakakagua eneo, nia ya mabadiliko ikatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji ikajadili, kisha maombi yakapelekwa wizara yenye dhamana ya ardhi kwa ajili ya idhini. Yakikubaliwa, hati hurekebishwa, na kodi ya pango la ardhi, ambayo ni malipo ya kila mwaka kwa Serikali kwa haki ya kuitumia ardhi, hupandishwa kulingana na matumizi mapya. Kwa maandishi, utaratibu huu una nafasi ya kila mhusika, akiwamo jirani.

Mapengo huonekana katika utekelezaji. Tangazo linaloishia kwenye ukurasa wa gazeti halimfikii mjane anayeishi nyuma ya kiwanja kinachohusika, wala mpangaji ambaye hana hati lakini ndiye atakayelala kando ya jenereta. Serikali ya mtaa, ambayo ndiyo ofisi ya karibu zaidi na mwananchi na ambayo mwenyekiti wake huchaguliwa na wakazi wenyewe, si mamlaka ya upangaji, kwa hiyo mkutano wa mtaa unaweza kupaza sauti lakini hauwezi kuamua. Kuna pia mazoea ya kuanza na kuhalalisha baadaye, ambapo biashara hufunguliwa kwanza, jengo likapanda, na maombi ya kubadili matumizi yakaja wakati ambapo kukataa kungemaanisha kubomoa. Jirani anayeshuhudia hayo hujifunza kwamba anayefuata utaratibu huchelewa na anayeuvunja hutangulia, na funzo hilo likishaenea mtaani, mchoro wa mipango miji hubaki karatasi.

Mzigo unaomwangukia jirani

Malalamiko ya wakazi hueleweka vizuri zaidi yakianzia ardhini kwenda juu. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijaunganishwa na mtandao wa mabomba ya maji taka, hivyo kila nyumba ina karo lake, shimo lililojengwa kwa ukubwa wa kuhudumia familia na kunyonywa na gari linapojaa. Baa au nyumba ya kulala wageni inayopokea wateja mia kwa siku hulijaza karo hilo kwa kasi ambayo halikujengewa, na katika maeneo ambayo maji ya ardhini yako karibu na uso wa nchi, kama sehemu za Mikocheni na Msasani, uchafu unaofurika huenda moja kwa moja uani kwa jirani. Msasani kuna mtaa uitwao Bonde la Mpunga, na jina hilo linatosha kueleza asili ya ardhi yake: palikuwa bondeni, penye maji ya kutosha kulima mpunga. Bustani na nyua zinapofunikwa kwa zege ili magari ya wateja yaegeshwe, mvua ya masika iliyokuwa ikinywewa na udongo hukosa pa kwenda, nayo huingia katika nyumba za walio chini zaidi, ambao mara nyingi ndio wasio na uwezo wa kuinua msingi wala kujenga ukuta wa kuyazuia.

Juu ya ardhi kuna barabara. Njia ya mtaani iliyopimwa kwa magari machache ya wenyeji hulazimika kubeba malori ya vinywaji, bajaji na bodaboda zinazosubiri abiria, pamoja na magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, kiasi kwamba gari la zimamoto au la wagonjwa likihitajika halipiti. Watoto waliokuwa wakicheza mpira mbele ya nyumba huingizwa ndani. Kuna pia kelele, ambayo ndiyo inayotajwa mara nyingi kuliko yote, kwa kuwa ukumbi wa sherehe au baa ya wazi haifungwi na ukuta, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, mgonjwa na mtu wa zamu ya alfajiri wote hulala saa ambayo muziki umeamua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake zinaweka viwango vya sauti, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira limewahi kuzifungia baa jijini kwa kuvivunja, lakini usimamizi wa kelele hutibu dalili ya uamuzi wa matumizi uliokwisha kufanyika.

Jambo lisilopimika kwa mita wala desibeli ni faragha na ujirani. Dirisha la ghorofa ya tano linalotazama uani hubadilisha maisha ya familia nzima, hasa ya wanawake, ambao uani ni mahali pao pa kupikia, kufua na kukaa bila kujitanda. Nyumba zinapogeuka ofisi, mtaa huwa na watu mchana na mahame usiku, na wachache waliobaki hubeba peke yao mchango wa ulinzi shirikishi uliokuwa ukigawanywa kwa kaya zote. Msiba unapotokea, turubai hufungwa lakini wa kukaa chini yake hawapo, kwa sababu ofisi haina mama wa kuja kusaidia jikoni wala kijana wa kwenda makaburini. Hasara hiyo haionekani katika jedwali lolote la tathmini ya mradi, ingawa kwa mkazi wa Dar es Salaam ujirani ndio bima ya kwanza anayoijua.

Kariakoo na mafunzo ya eneo zima

Haitakuwa haki kusema kwamba kila badiliko la matumizi ni msiba. Kariakoo iliyozaliwa kama kanda ya makazi ya Waafrika imekuwa soko ambalo wafanyabiashara wa nchi jirani hulifuata, na soko kuu lake, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliweka biashara ya chakula mahali palipoandaliwa kwa kazi hiyo. Wenye nyumba za Kiswahili walipopewa nafasi ya kujenga ghorofa, wengi wao walikuwa na kiwanja bila fedha, wakaingia ubia na wawekezaji, mmoja akatoa ardhi na mwingine akajenga, kisha wakagawana ghorofa au miaka ya kukusanya kodi. Familia zilizosimamia vizuri mikataba yao zilipata mtaji ambao kizazi kilichotangulia hakikuuota, na hilo ni jambo la kuheshimiwa na yeyote anayezungumza habari za haki mjini.

Hata hivyo Kariakoo hiyohiyo inaonyesha gharama ya kuruhusu matumizi yatangulie miundombinu na usimamizi. Vyumba vya juu vilivyojengwa kuwa makazi vimegeuzwa stoo za bidhaa, njia za watembea kwa miguu zimejaa meza, na jengo la ghorofa lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20 lilikumbusha kwamba jengo linalobeba biashara lahitaji ukaguzi wa kudumu, wala si kibali cha siku moja. Wapangaji wa vyumba, ambao hawakuwa na hati ya kuingia nayo ubia, waliondoka bila fungu lolote na kuhamia pembezoni mwa jiji, mbali na kazi zao.

Nairobi inatoa funzo linalofanana. Eneo la Upper Hill, lililokuwa la nyumba zenye bustani kubwa, lilibadilishwa kuanzia miaka ya 1990 likawa kitovu cha mabenki, mashirika na majengo marefu, lakini barabara zake nyembamba za makazi zilikuja kupanuliwa baadaye sana, baada ya foleni kuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa, na vyama vya wakazi katika mitaa ya Nairobi vimekuwa vikiutumia msingi huo kudai kusikilizwa katika maamuzi ya ardhi kabla ya matingatinga kuingia.

Mahakama ziliposema

Wakazi wa Dar es Salaam nao wana historia yao ya kuitetea kazi iliyoandikwa ya ardhi, na historia hiyo ina thamani kwa sababu aliyeshtakiwa hakuwa jirani mwenye baa bali jiji lenyewe. Mwaka 1988 mkazi wa Tabata aliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kuendelea kumwaga takataka katika eneo hilo, na Mahakama Kuu ikaliamuru jiji liache na litafute mahali pengine. Jiji liliporudi kuomba muda zaidi, Jaji Lugakingira alikataa mwaka 1991, akiyahusisha madhara ya moshi na uvundo na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Takataka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, mkazi mmoja na wenzake 794 walifungua shauri la mwaka 1991, na Mahakama Kuu ikawapa haki, ikizingatia pia kwamba mpango kabambe wa jiji ulikuwa umelitenga eneo hilo kwa makazi.

Dampo si duka, na madhara yake ni makubwa kuliko ya fremu, lakini msingi uliowekwa na mashauri hayo unagusa moja kwa moja suala la mabadiliko ya matumizi. Mpango wa mji ni ahadi inayomfunga hata aliyeuandika, na mwananchi wa kawaida anayeishi ndani yake ana sauti ya kuidai ahadi hiyo mahakamani. Ikiwa jiji haliruhusiwi kulipuuza neno makazi lililoandikwa kwenye mchoro, ni vigumu kuona kwa nini mwekezaji mmoja aruhusiwe.

Njia ya haki

Hatua ya kwanza ingekuwa kuacha kuamua kiwanja kwa kiwanja. Pale ambapo barabara imebadilika kweli na biashara imekwisha kuota, halmashauri inaweza kuandaa upya mpango wa kina wa eneo lote, ikaonyesha viwanja vipi vinavyopakana na barabara kuu vitakuwa vya makazi na biashara, wapi mpaka wa biashara utaishia, na karo, mifereji na maegesho vitaandaliwa na nani kabla ya kibali cha kwanza kutolewa. Mpango wa namna hiyo humlinda hata mwekezaji, ambaye hujua mapema anachoruhusiwa, badala ya kutegemea kujuana na ofisa.

Hatua ya pili ni kuzitofautisha biashara. Duka la mahitaji, cherehani, saluni ya vyumba viwili na mama anayepika vitafunwa barazani huuhudumia mtaa na hazitikisi usingizi wa mtu, na hapana sababu ya kuziweka kapu moja na gereji, kituo cha mafuta, kumbi na baa za muziki. Masharti yanaweza kuandikwa kwenye kibali kwa kila aina: saa za kufungua na kufunga, maegesho ndani ya kiwanja, ukubwa wa karo, umbali wa madirisha kutoka kwa jirani. Ukali usiotofautisha humwangukia mjane mwenye fremu moja na kumwacha mwenye uwezo wa kuajiri wakili.

Hatua ya tatu ni taarifa. Bango kubwa lenye lugha nyepesi likisimikwa kwenye kiwanja chenyewe, nakala ikabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa na kusomwa katika mkutano wa wakazi, na uamuzi ukatolewa kwa maandishi ukieleza sababu za kukubali au kukataa, wakazi wengi wataridhika hata wanaposhindwa. Kwa upande wao wakazi wana wajibu wa kuzijenga hoja zao juu ya ukweli wa mipango miji: kwenda halmashauri kuuona mchoro wa eneo lao, kuandika pingamizi linalotaja maji, barabara, kelele na faragha, na kulipeleka kwa wakati. Pingamizi linalosema tu kwamba jirani anatajirika halina uzito, nalo humpa mwombaji sababu ya kuyapuuza mengine yote.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaja miongoni mwa misingi yake nia ya kuwawezesha wananchi wote kushiriki katika maamuzi yanayohusu kumiliki na kutumia ardhi yao. Msingi huo umo ndani ya sheria kwa zaidi ya robo karne, na kuutekeleza mtaani hakuhitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Kunahitaji kwamba mkazi wa Sinza au Msasani asome habari za jengo litakaloisogelea nyumba yake kwenye bango lililosimikwa juu ya nyasi za kiwanja cha jirani, siku ambazo bado ana nafasi ya kusema, kabla msingi haujachimbwa na zege halijamwagwa.